Msalaba unaokoa kwa njia gani? Maelezo manne kwa anayejiandaa kufundisha

Kila Kwaresima, katekista wa kigango, mwalimu wa Shule ya Jumapili na kiongozi wa vijana hujikuta na kazi ileile: kueleza kwa nini kifo cha mtu mmoja nje ya malango ya Yerusalemu kimhusu mvuvi wa Kibirizi au mkulima wa tumbaku wa Kaliua. Kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, darasa zima linajua. Tabu huanza pale kijana wa kipaimara anapouliza, "Sawa mwalimu, lakini kwa vipi?"

Wengi wetu hudhani jibu rasmi lipo moja, ila sisi tu hatukusoma vya kutosha. Mitaguso mikuu, yaani mikutano ya maaskofu ya karne za kwanza, kuanzia Nikea mwaka 325, ilibishana kwa miaka mingi kuhusu Kristo ni nani. Kuhusu namna msalaba unavyofanya kazi iliridhika kukiri kwamba alishuka kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, basi. Maelezo yalikuja baadaye, yakawa mengi, na kila kanisa likapenda lake. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja ya Kasulu mama Mwanglikana, mjomba Mkatoliki na binti aliyehamia Pentekoste wanaweza kusema "Yesu amenikomboa" na kila mmoja akawa anawaza jambo tofauti.

Hapa nimeweka maelezo manne ambayo mwalimu wa mikoa yetu ya Kigoma na Tabora atakutana nayo zaidi, na nimeyauliza maswali yaleyale. Dhambi ni tatizo la namna gani: kifungo, deni, hatia, au moyo uliogeuka? Ni Maandiko gani yanayobeba maelezo hayo? Mungu Baba anaonekanaje humo? Ni swali gani gumu ambalo msikilizaji makini atalitupa? Na mtu akitoka kanisani, maelezo yamemwacha wapi: ameshaokoka, yuko safarini, au bado anadaiwa kitu? Baada ya hapo ndipo tunaweza kusema yanamfaa nani.

Swali la tatu nalipa uzito kuliko mengine, na sifichi. Ukieleza msalaba kwa namna ambayo Baba anataka kupiga na Mwana anazuia fimbo, umeshatengeneza miungu miwili yenye nia mbili. Paulo katika 2 Wakorintho 5:19 anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Maelezo yoyote utakayochagua, yapitishe kwenye mstari huo kwanza.

Fidia na ushindi

Haya ndiyo makongwe. Dhambi hapa ni utumwa: mwanadamu ameshikwa na dhambi, mauti na Ibilisi, na hawezi kujitoa. Kristo anaingia mpaka ndani ya ngome, anakufa kama sisi, mauti yanashindwa kumshikilia, na mlango alioufungua haufungiki tena. Maandiko yake yanajulikana: Marko 10:45, ambapo Mwana wa Adamu anakuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, Wakolosai 2:15, enzi na mamlaka zinavuliwa na kuonyeshwa hadharani, Waebrania 2:14-15, walioishi utumwani kwa hofu ya mauti wanaachwa huru. Walimu wa karne za mwanzo, kama Irenaeus wa Lyon, walizungumza hivi bila kusita. Baadaye lugha hiyo ilififia Ulaya, mpaka Mswidi Gustaf Aulén, mwanateolojia wa Kilutheri, alipoirudisha mezani mwaka 1930.

Sisi hatuhitaji Mswidi kutukumbusha. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo, na utumwa katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, walipofika Ujiji mwaka 1879 moja ya kazi zao za mwanzo kandokando ya Ziwa Tanganyika ilikuwa kutoa mali ili kukomboa watoto waliokuwa wanauzwa. Adrian Atiman, aliyekuwa katekista na tabibu wa Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956, alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na wamisionari hao, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akaja kuwatibu watu wa ziwa hili maisha yake yote. Mtu kama huyo akisoma "mlinunuliwa kwa thamani" katika 1 Wakorintho 6:20 hahitaji maelezo ya pembeni.

Baba anaonekana vizuri sana humu. Ni yeye anayewafuata watoto wake walikopelekwa, na Mwana anakwenda kwa nia hiyohiyo.

Swali gumu ni moja, na ni la haki: fidia alilipwa nani? Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, alijibu kwamba alilipwa Ibilisi, na kwamba uungu wa Kristo ulifichwa ndani ya mwili kama ndoano ndani ya chambo. Ibilisi akameza, akanasa. (Wavuvi wetu watacheka na kuukubali mfano, ingawa dagaa haivuliwi kwa ndoano.) Rafiki yake, Gregory wa Nazianzus, alikataa katakata: ni aibu jambazi apokee malipo, tena malipo ya thamani hiyo. Waliokomboa watoto Ujiji walikuwa na mtego huohuo mbele yao, kwa sababu kila mtoto aliyelipiwa alimwachia mfanyabiashara mali ya kununulia mwingine. Ushauri wangu kwa mwalimu: shikilia ushindi, na usiende kumtafuta mpokeaji wa malipo mahali ambapo Biblia yenyewe haimtaji.

Kuna udhaifu mwingine usiozungumzwa sana. Kwa kuwa adui yuko nje, msikilizaji anaweza kujiona mhanga tu. "Shetani alinipitia" ni utetezi tunaousikia mpaka kwenye vikao vya usuluhishi vya familia, na maelezo haya yakifundishwa vibaya yanaupa baraka.

Mtu anaachwa akiwa huru lakini bado yuko njiani, kama Israeli baada ya Bahari ya Shamu. Ni maelezo yanayodai Pasaka. Ukiishia Ijumaa Kuu umesimulia kushindwa. Yanamfaa anayeishi kwa hofu. Vijiji vya Kigoma ambako kamchape hupita wakidai kufichua wachawi vina Wakristo wengi waliobatizwa ambao usiku bado wanamwogopa jirani kuliko wanavyomtumaini Mungu. Watu hao ukiwaeleza juu ya hatia watakusikiliza kwa adabu, kisha watakwenda kutafuta kinga kwingine.

Deni la heshima

Mwaka 1098, akiwa uhamishoni Italia, Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake kuhusu kwa nini Mungu alifanyika mtu. Alichoshwa na habari za Ibilisi kuwa na haki ya kulipwa. Kwake yeye anayedai ni Mungu. Dhambi ni kumnyima Mungu heshima tunayodaiwa, na kwa kuwa kila tendo jema tulilo nalo tayari ni lake, hatuna cha ziada cha kurudishia. Mwanadamu ndiye anayepaswa kulipa, Mungu peke yake ndiye anayeweza; basi alipe aliye Mungu na mtu. Kristo, asiye na dhambi, hakudaiwa kifo. Alipoutoa uhai wake kwa hiari alitoa kitu asichodaiwa, na thamani yake ikatumwagikia sisi.

Wengi huchanganya hili na maelezo ya tatu yanayofuata. Anselm hasemi kwamba Kristo aliadhibiwa. Anasema ama malipo, ama adhabu. Na kwa kuwa malipo yametolewa, adhabu haikuhitajika. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulitumia lugha ya malipo hayo, na Mkatoliki anayesikiliza vizuri Mbiu ya Pasaka usiku wa mkesha atasikia habari za Kristo kumlipia Adamu deni kwa Baba wa milele.

Kimaandiko, picha ya deni ipo: Sala ya Bwana kwa namna ya Mathayo 6:12, na hati ya mashtaka iliyopigiliwa msalabani katika Wakolosai 2:14. Hoja nzima ya heshima, hata hivyo, Anselm aliijenga kwa akili zaidi kuliko kwa mistari, na alikusudia hivyo.

Kwa mkoa wa Tabora hapa pana utajiri na hatari kwa pamoja. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge anaelewa deni kuliko mwanateolojia yeyote. Huchukua mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika, na siku ya soko, marobota yakishapimwa, deni hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Mwenzake akiitorosha tumbaku yake kwa walanguzi, makato huwaangukia waliobaki kwenye chama. Sasa simama mbele ya watu hao useme, "Mwema alilipa deni la mkorofi." Wao wameshalipa deni la mkorofi, na hawakuona habari njema yoyote humo. Walikatwa, hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo, ukitumia picha ya deni, kila kitu kinasimama kwenye Yohana 10:18, pale Yesu anaposema hakuna anayemwondolea uhai wake bali anautoa mwenyewe. Bila neno hilo, msalaba unakuwa makato ya dhuluma. Ukilitamka polepole, mkulima aliyekatwa msimu uliopita ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona tofauti.

Swali gumu litatoka kwa vijana, hasa wenye kichwa cha hesabu: kama deni limelipwa, limesamehewa vipi? Huwezi kulipwa na kusamehe kwa mara moja. Na wanaweza kukukumbusha kwamba katika Mathayo 18 mfalme anafuta talanta elfu kumi bila mtu wa tatu kuja na mfuko wa fedha. Jibu la haki ni kwamba anayesamehe ndiye daima anayebeba hasara, na hapa anayedai na anayelipa ni Mungu mmoja. Jibu hilo linatosha mradi Baba na Mwana hujawatenganisha. Ukiwatenganisha, Baba anabaki mdai asiyeachia senti.

Msikilizaji anaachwa akiwa na shukrani, na katika mapokeo ya Kikatoliki anaingizwa katika neema hiyo kwa ubatizo, kitubio na Ekaristi. "Umeokoka lini?" ni swali linalomshangaza, kwa sababu kwake ni maisha mazima. Maelezo haya yanamfaa mtu mwenye dhamiri ya utaratibu: mzee wa baraza, mtunza hazina, mtu anayejua kwamba jambo lililovunjwa haliwezi kupitishwa juu juu hivi. Pia jamii zetu zinazolipishana faini ya heshima kwa mkwe aliyetukanwa hazioni ugeni wowote kwa Anselm. Vijana wa mjini watakuuliza Mungu ana hasira gani na heshima yake.

Adhabu tuliyostahili sisi

Wanamatengenezo wa karne ya 16 walihama kutoka kwenye heshima kwenda kwenye sheria. John Calvin alisomea sheria kabla ya kuwa mchungaji, na inaonekana. Dhambi ni kosa dhidi ya sheria ya Mungu mtakatifu, hukumu yake ni mauti, na Kristo alisimama mahali petu akaibeba hukumu yenyewe. Isaya 53:5-6 ndiyo nguzo: alijeruhiwa kwa makosa yetu, adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake. Ongeza Wagalatia 3:13, alifanywa laana kwa ajili yetu, na Warumi 3:25-26, ambapo Mungu anaonekana mwenye haki na mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu.

Ukisikiliza mahubiri ya stendi, ya mkutano wa injili uwanjani, au ushuhuda wa watu wa Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kusambaa Afrika Mashariki, haya ndiyo utakayosikia. Yanasemeka kwa dakika tano na yanaita uamuzi leo.

Ni maelezo yanayofundishwa zaidi na, kwa maoni yangu, yanayoharibiwa zaidi. Utakuta mhubiri anasimulia habari ya mshika daraja la reli aliyeacha mwanawe apondwe ili abiria wa treni wapone. Hadithi hiyo inaliza watu, lakini mtoto ndani yake hakuchagua chochote, na baba hakuwa na la kufanya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea Golgotha. Calvin mwenyewe aliandika wazi kwamba Mungu alitupenda kabla ya kutupatanisha. Msalaba haukumbadilisha Baba kutoka chuki kwenda upendo. Warumi 5:8 inasema hivyohivyo.

Swali gumu ni la haki: inawezekanaje asiye na hatia aadhibiwe kwa kosa la mwingine? Mahakamani ndugu anaweza kukulipia faini, kifungo hawezi kukufungia. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Jirani Mwislamu atakwambia Qurani nayo inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine, katika sura ya 6, aya ya 164. Wanaotetea maelezo haya hujibu kwamba Kristo si mtu wa pembeni aliyekamatwa barabarani: ni Hakimu mwenyewe anayeshuka kizimbani, tena ameunganishwa na watu wake kama kichwa na mwili. Jibu lina nguvu, lakini linahitaji muda ambao mahubiri ya stendi hayana.

Baada ya kuyasema hayo, niyatetee. Kuna watu ambao hakuna maelezo mengine yatakayowafikia. Mtu aliyetoa mimba na kunyamaza, dereva aliyegonga akakimbia, mfungwa anayejua kabisa alichofanya: kumwambia "ulikuwa mtumwa" ni kumpunguzia, na kumwambia "tazama upendo" ni kumwongezea aibu. Anataka kusikia kwamba jambo lake limetajwa, limehukumiwa, na limekwisha. Warumi 8:1 ni ya kwake.

Na kuna wa pili, anayesahaulika: aliyetendewa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongomani tangu 1996, na baada ya 2015 Warundi wengi wakaja mkoani Kigoma. Mama aliyeona watu wa nyumba yake wakiuawa hafarijiki na Mungu anayesema tu "yameisha." Anahitaji kujua kwamba uovu ule ulipimwa ukaitwa uovu. Maelezo ya hukumu, yakisemwa kwa upole, yanampa hilo.

Msikilizaji anaachwa na uhakika: imekwisha, pokea kwa imani. Hapo ndipo "nimeokoka" inapopata tarehe. Udhaifu wake ni Jumatatu. Aliyehesabiwa haki Jumapili jioni anaweza asione kwa nini arudishe baiskeli aliyoazima mwaka jana.

Upendo unaomrudisha mtu

Petro Abelard, Mfaransa aliyefariki mwaka 1142, aliona kizuizi kiko ndani yetu. Mungu hahitaji kushawishiwa. Sisi ndio tuliofanya mioyo migumu. Kristo anaishi na kufa katikati yetu akionyesha upendo usiorudi nyuma, na upendo huo unawasha upendo ndani ya anayetazama. Warumi 5:8 tena, 1 Yohana 4:19, baba anayekimbia barabarani katika Luka 15, na 1 Petro 2:21 kuhusu kufuata nyayo zake.

Baba hapa anang'aa, na watu wengi waliochoshwa na vitisho vya mimbarani hulia kwa mara ya kwanza wanapoelewa hivi. Lakini Bernard wa Clairvaux alimshambulia Abelard vikali, na hoja yake haijazeeka: kama msalaba ni onyesho tu, basi hauokoi mpaka mimi niguswe, na wokovu umerudi mikononi mwangu. Zaidi ya hapo, kifo kinaonyeshaje upendo kama hakikumtoa mtu katika hatari yoyote? Ni haki kusema kwamba Abelard mwenyewe hakufuta maelezo mengine yote. Waliokuja baadaye ndio waliobaki na hili peke yake.

Tahadhari moja kwa walimu wa kike na wa kiume. Maelezo haya yametumika kumwambia mke anayepigwa "vumilia kama Yesu alivyovumilia." Ukimpa mtu kielelezo cha kuteseka bila kumpa ushindi wala haki, umemrudisha kwa anayempiga akiwa na aya mkononi.

Yanamfaa aliyekulia kanisani na kupoa. Kijana anayejua majibu yote ya katekisimu na hajawahi kumpenda Mungu. Mlevi anayeamini hakuna anayemtaka. Humwacha mtu safarini: kuokoka ni kugeuzwa siku kwa siku, na Jumatatu ina kazi nyingi.

Vipi kuhusu damu?

Sikuiweka sadaka kama maelezo ya tano kwa sababu yote manne huitumia. Walawi 16, siku ya upatanisho, ina mbuzi wawili: mmoja anachinjwa na damu yake inaingizwa patakatifu, mwingine anabebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani akiwa hai. Wengi wanamkumbuka wa kwanza tu. Waadventista, walio wengi katika baadhi ya vijiji vya Kigoma, hulitegemea sana somo hilo na husema kazi ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni inaendelea; ukiwa nao darasani, jiandae kuzungumzia Waebrania 8 na 9.

Je, yanachanganyika?

Yanachanganyika, na waliochanganya si watu wadogo. Thomas Aquinas, karne ya 13, alifundisha kwamba mateso ya Kristo yanaokoa kwa stahili, kwa malipo, kwa sadaka na kwa ukombozi, yote kwa pamoja. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662 kinaweka sadaka na malipo katika sala moja ya meza ya Bwana. Wamoraviani, waliopokea kituo cha Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898 na kulienea eneo la Unyamwezi, wana muhuri wenye mwanakondoo aliyebeba bendera na maneno: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Hapo kuna sadaka, ushindi na kielelezo, na mtoto wa miaka saba anaweza kuyakariri.

Kuchanganya kwenye somo moja la nusu saa, hata hivyo, sikushauri. Utamaliza na picha nne zinazogongana, na swali la "alilipwa nani" utalijibu kwa majibu matatu tofauti. Chagua moja la kubeba somo, mengine yaje wiki zijazo.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Ukiitwa kuhubiri msibani, chukua ushindi. Waebrania 2:14-15 inawatosha wafiwa, na marehemu aliyeishi vibaya hutalazimika kumjadili.

Ukitembelea gereza, au ukiketi na mtu aliyekuomba mzungumze faragha kwa jambo linalomtafuna, anza na adhabu iliyobebwa. Usiifupishe kwa huruma. Mwache ataje kosa lake lote kwanza.

Semina ya wanaume wa chama cha ushirika, au ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, itasikia deni kwa haraka zaidi, mradi Yohana 10:18 iwe imeandikwa ubaoni kabla hujaanza. Kijiji kilichotikiswa na tuhuma za uchawi kinahitaji ushindi tena, na hapo ongeza neno kali la kuwakinga vikongwe wanaosingiziwa, kwa kuwa hofu ya mauti ikiondoka ndipo na kisingizio cha kuwadhuru kinapoondoka.

Vijana wa kipaimara wanaobishana usiku kucha ni kundi la kuwapa mawili yanayopingana, Anselm na Abelard, na kuwaachia wagombane. Utajifunza zaidi kwao kuliko wao kwako.

Familia yenye madhehebu mchanganyiko, inayogombana kama mama "ameokoka" au bado, isomewe Azimio la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani. Linakiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Halimalizi tofauti zote, lakini linamwondolea mtu haki ya kumwita shangazi yake mpagani.

Ujiji na Tabora mjini, ambako jirani, mkwe na mteja mara nyingi ni Waislamu, mazungumzo yataanza na ukweli kwamba Qurani katika sura ya 4, aya ya 157, inakana kusulubiwa kwa Isa. Usimpe mtu hoja ya adhabu kabla hamjafika kwenye kama tukio lilitokea. Luka 15 ni mwanzo mwema zaidi: baba anayebeba aibu ya mwanawe mbele ya kijiji anaeleweka kwa wote wawili, na swali la kwa nini msamaha uligharimu litakuja lenyewe, chai ikiwa bado haijapoa.

Watoto wa chini ya miaka kumi usiwape misumari na damu kwa sasa. Wape mchungaji aliyemtafuta kondoo mmoja, wape mwanakondoo aliyeshinda, na habari ya kaburi tupu uwafundishe Jumapili hiyohiyo, usiwarudishe nyumbani wiki nzima na Yesu aliyekufa.